Mishororo Mitatu ya Bwana Msimamizi

Wenzangu wa idara ya Kiswahili, siku ile ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na dakika tano za kusema. Saa nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Dakika tano, kwa mtu aliyesimama mbele ya ubao tangu ujana wake, hazitoshi hata kusafisha koo, kwa hiyo nilisema asante nikarudi kwenye keki yangu. Lakini yule mwenzenu mpya, Mwalimu Njoki, alinifuata mpaka mlangoni akaniuliza, "Madam, hawa watoto utawafundisha mizani namna gani, na ukitaja ushairi tu wanalala?" Nilimwahidi jibu. Ndilo hili. Kama ni refu, shauri yenu, nyinyi ndio mlionipa nafasi ya kukaa nyumbani.

Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Cheo kilikuja kimechelewa, na mshahara mnaujua, maana na nyinyi mnaupokea. Nitawaambia habari za kuanza kazi, kwa sababu hapo ndipo nilipoyajua maneno ambayo leo mnayaandika ubaoni bila jasho: ubeti, mshororo, vina, mizani.

Nilizaliwa katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi wa treni, pale Nakuru. Baba alitoka Maragoli, akawa fundi katika karakana ya treni. Kwenye landi yetu kulikuwa na watu wa kila kabila, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuombana chumvi na kugombania maji ya bomba. Cha vitabuni nilikutana nacho shuleni. Cha ushairi hatukukutana kabisa. Nilipomaliza darasa la nane nafasi ya chuo sikupata, basi kanisa likanipeleka kufundisha bila cheti katika shule ya shamba moja huko juu Dundori. Miaka ya hamsini ilikuwa inakaribia kwisha. Mama alinifungia blanketi mbili akasema, "Rebeka, huko watu wanalala na sweta, usijifanye mtu wa mjini."

Mwenye shamba alikuwa mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kukiona kichwa chake. Huko juu alipanda pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, chini akafuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazi. Shule ilikuwa nyumba moja ndefu ya mbao na mabati, ndani imegawanywa kwa pazia za gunia, madarasa manne. Jumapili tulizikunja zile gunia, nyumba ikawa kanisa. Madawati yale yale yaliyochorwa majina kwa misumari ndiyo waliyokalia wazee wa kanisa, na ikinyesha mvua, hesabu na mahubiri yote yalimezwa na mabati.

Mwalimu mkuu alikuwa Zakaria Mutua, Mkamba, mrefu, masharubu yamekatwa kama kwa rula. Alikuwa amepigana Burma, na nadhani hakuna aliyemwambia kwamba vita vimekwisha. Asubuhi yangu ya kwanza nilimkuta amewapanga watoto uwanjani, umande umewafika magotini, anawaamrisha, "Mguu pande! Mguu sawa!" Alinitazama kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua kuimba?"

Nikasema naimba kwaya. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata walau kitu kimoja, akanikabidhi darasa la nne na chaki mbili. Chaki ya tatu ningeipata Mei.

Lile darasa la nne ndilo lililokuwa jipu letu. Shule yetu iliishia hapo. Mtoto akimaliza, darasa la tano lilikuwa Nakuru mjini, na mtoto wa kibarua wa Dundori hakuwa na pa kulala mjini. Hivyo kila mwaka wakubwa walifunga vitabu siku ya Ijumaa na Jumatatu tukawaona mlimani wanachuma pareto. Mama Cherono, mmoja wa wachumaji, hakunificha. Binti yake alikuwa mbele kabisa darasani, mdomo mkali kama wembe, na mimi nilimpenda waziwazi mpaka wenzake wakanuna. Nikaenda kwa mama yake kumsifu. Akanikaribisha mursik, yale maziwa yao ya mgando, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nakubali ana akili. Lakini hiyo akili itaenda wapi? Darasa la tano iko? Haiko. Basi Januari atakuja kwa pareto na akili yake."

Nikamaliza mursik yangu, nikaaga. Niliteremka kwenye kile kilima nimekasirika, na sikujua ni nani hasa wa kukasirikiwa.

Zakaria alikuwa ameandika mara nyingi kuomba ruhusa ya darasa la tano. Bwana Kofia alikubali kutoa ghala moja la zamani la pareto, bora wakubwa wa elimu wakubali. Mwaka ule jibu likaja kwamba Bwana Msimamizi wa shule atafika mwenyewe, atakagua darasa la nne, na akiridhika tutafungua, asiporidhika tusiandike tena. Alikuwa Mwafrika, mmoja wa wachache walioshika kazi ile wakati huo, na sifa yake ilimtangulia: alipenda mashairi kupita kiasi. Alitunga mwenyewe, yakatoka gazetini. Katika shule ya shamba la jirani alikuwa ameziacha hesabu, akauacha usomaji, akawauliza watoto habari za vina. Watoto wakamtazama mwalimu wao. Mwalimu akatazama dirisha. Shule ile haikupata darasa la tano.

Nilipoyasikia hayo sikungoja kengele. Nilimwendea Zakaria mbio.

"Mwalimu, mimi vina sivijui!"

"Mizani?"

"Ya kupimia maziwa, ndiyo."

Hakucheka. Huyo mtu alicheka Krismasi tu. Akaniambia nikae kwenye gunia la viazi, akaanza kunieleza. Kikosini mwao Burma walikuwako askari wa Pwani, na jioni, mvua ikiwafungia hemani, walikuwa wakijibizana kwa mashairi. Mmoja anatupa ubeti, mwingine anaudaka. Zakaria aliwasikiliza majuma mengi kabla ya kuelewa kwamba wanafuata sheria, na alipoelewa akawaomba wamfundishe hizo sheria. "Nilipenda," aliniambia. "Kila kitu kule kilikuwa kimeharibika. Lakini mtu akikosa mizani moja, hema nzima inapiga kelele."

Kitabu hatukuwa nacho. Kesho yake akanipa somo uwanjani, kwa njia yake, na nyinyi wa chuo msicheke mpaka mjaribu. Aliita watoto wa darasa la nne akawapanga mstari mmoja. "Huu ni mshororo," akasema. Kila mtoto akawa mizani moja, yaani silabi moja, sauti moja inayotoka mdomoni. Wanane wakasimama kushoto, wanane kulia, katikati pengo la hatua moja. "Hapa pumzi inashuka. Mshororo una vipande viwili."

Kusikia neno vipande, watoto wote walikaza mabega. Kipande walichokijua ni kile kitambulisho baba zao walichodaiwa barabarani, na asiyekuwa nacho alilala ndani. Zakaria akaona. Akasema taratibu, "Hiki hakiulizwi na polisi. Cha kushoto kinaitwa ukwapi, cha kulia kinaitwa utao. Rudieni." Wakarudia, mabega yakashuka.

Kisha akaita darasa la tatu, la pili na la kwanza, akapanga mistari minne, mmoja nyuma ya mwingine. "Hiyo minne ni ubeti!" Shule nzima ilitosha ubeti mmoja na vitoto vichache vikabaki, tukavifanya wasikilizaji. Wa mwisho katika kila ukwapi aliambiwa avae sweta kichwani. Wa mwisho katika kila utao avue kiatu kimoja, kama anacho. "Tazama kutoka mbele kwenda nyuma," Zakaria akaniambia. "Sweta, sweta, sweta, sweta. Mguu mtupu, mguu mtupu, mguu mtupu, mguu mtupu. Hivyo ndivyo vina. Sauti ya mwisho ya kila kipande inafanana na ya aliye nyuma yake."

Cherono alikuwa na sweta kichwani. Akapiga kelele, "Mwalimu, mimi ni kina!"

"Wewe ni kina cha kati," Zakaria akamjibu, "na kina hakicheki kwenye mstari."

Mimi nilikuwa mtu mzima, mwalimu, na nilisimama pale nimeziba mdomo kwa furaha. Jambo lililonitisha usiku kucha sasa lilikuwa mbele yangu linatetemeka kwa baridi na kujikuna pua.

Tulifanya hivyo majuma kadhaa. Kila mtoto alipiga kelele silabi yake kwa zamu, na aliyelala akaharibu mshororo mzima, akatafunwa na wenzake kuliko ambavyo mimi ningemtafuna. Lakini mvua zikaja, uwanja ukawa tope, tukarudi ndani. Ndani hakuna nafasi ya kupanga ubeti. Hapo ndipo na mimi nikachangia changu. Niligundua kwamba tuni moja ya kanisani kwetu, ile inayoimbwa polepole kabla ya maombi, kila mstari wake una silabi nane. Ukwapi ukaingia humo bila kusukumwa, utao nao ukaingia. Mshororo ukikataa kuingia, basi mizani imezidi au imepungua, hakuna haja ya kubishana. Nilipiga dawati kwa kifutio, watoto wakaimba, tukajua. Zakaria alitunga ubeti wa kufanyia mazoezi:

Ua jeupe shambani, lachumwa na kina mama,
Umande u majanini, na baridi imeuma,
Watoto tu darasani, twahesabu tukisema,
Ua lenda tanurini, sisi twabaki kusoma.

Tanuri ni lile la kukaushia pareto. Aliponisomea mshororo wa mwisho nilimtazama, naye akajishughulisha na masharubu yake.

Siku ya Bwana Msimamizi ilinyesha tangu alfajiri. Watoto walikuja wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Saa za asubuhi tukasikia Landrova inanguruma chini ya mlima, inanguruma, inanguruma, halafu kimya. Imezama. Darasa zima likakimbilia uani kabla sijafungua mdomo. Kutoka pale tuliona kila kitu. Wachumaji wa pareto, mama zao hawa watoto, waliteremka na magunia kichwani, wakalizunguka gari, wakaanza kusukuma. Tope likawaruka mpaka usoni. Dereva akashuka akasukuma nao. Bwana Msimamizi alibaki ndani, kioo amekipandisha, kofia kichwani, mkoba magotini. Mama Cherono alikuwa nyuma, gurudumu la kulia.

"Si angeshuka tu," Cherono akasema.

"Nyamaza, ingia darasani," nikamwambia, ingawa moyoni nilisema vile vile.

Aliingia suti ya kaki haina doa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sauti ndogo kwa mkaguzi ni mbaya zaidi. Aliangalia madaftari, akafunga. Aliuliza hesabu mbili, akapata majibu, hakuonekana kufurahi. Kisha akasema, "Sasa. Mashairi mnayo?"

Nikashika kifutio, nikapiga dawati, watoto wakaanza Ua jeupe shambani. Waliimba vizuri, haki ya Mungu. Na mambo yangekwenda sawa kama Zakaria angefunga mdomo wake. Lakini alikuwa amesimama nyuma, roho mkononi, na alipoona mambo yanakwenda akashindwa kujizuia, akaingiza besi. Ile besi watoto waliijua. Ni ile ya kila Jumapili, katika nyumba ile ile, kwa tuni ile ile. Walipofika sisi twabaki kusoma, miili yao ikafanya ilichozoea. Darasa zima likasimama, likapiga magoti kwenye udongo, likafumba macho.

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamgeukia Bwana Msimamizi kuomba radhi, na kumbe naye amesimama, kofia ameivua, kichwa ameinamisha. Dereva mlangoni hali kadhalika. Kila mtu alikuwa anangoja mtu fulani aombe, na hakuna aliyethubutu kufumbua macho wa kwanza. Basi Zakaria akaomba. Angefanya nini? Alisema, "Ee Baba, twakushukuru kwa mvua. Twakushukuru kwa mgeni wetu ambaye gari lake limefika salama. Utukumbuke na darasa la tano, kwa maana hawa watoto hawana pengine. Amina."

"Amina," akasema Bwana Msimamizi, kwa sauti kubwa kuliko watoto. Kisha akafumbua macho, akaitazama kofia iliyo mkononi mwake kama iliyowekwa pale na mtu mwingine.

Alikaa. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, nimekuja kukagua Kiswahili ama nimekuja ibada?"

"Kiswahili, Bwana. Ni tuni tu ndiyo ya kanisa."

"Na kwa nini tuni ya kanisa?"

Nikamweleza kwamba tuni ina nane na kipande kina nane, na ndivyo tunavyopima. Akasikiliza. "Basi hawa hawajui mizani," akasema. "Wanajua tuni. Ukiwanyima tuni watakuwa kama wale wa jirani." Aliinuka, akachukua chaki yetu ya pekee, akaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri sana:

Gari langu lateleza, tope limejaa njia,
Wapita njia wabeza, wacheka wakipitia,
Moyoni najiuliza, Dundori nitafikia?

Nadhani aliutunga mle ndani ya gari, wakati mama zetu wanasukuma. Akapangusa mikono. "Haya. Hii ni nini?"

"Mishororo, Bwana," watoto wakasema.

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Ubeti wangu ni tarbia, wa mishororo minne. Malizieni. Na msiimbe."

Watoto wakanitazama mimi. Hapo nilijua tumekwisha. Tuliwafundisha kutambua, hatukuwahi kuwafundisha kutunga. Niliona Zakaria amefumba macho tena, na safari hii hakuna aliyemwiga. Niliwafikiria wale watoto Jumatatu ya Januari, mmoja mmoja, mlimani, vikapu mgongoni.

Otieno, mtoto wa mkamuaji wa ng'ombe, akainua mkono. "Bwana nunua gari ingine nzuri ambayo haitelezi kwa tope!"

Kabla Bwana Msimamizi hajasema neno, darasa lilimvamia. "Imezidi! Hiyo imezidi sana!" "Pumzi iko wapi?" "Kina cha kati ni za, wewe umeweka nini?" Otieno akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea, akakubali, akakaa. Kiprono, jirani yake wa dawati, akajaribu, akapata nane kushoto, kulia sita. "Utao wako una njaa!" wakamwambia. Mwingine akapata nane kwa nane, vina hakuna. "Sweta yako iko wapi?" wakamuuliza, na Bwana Msimamizi akanitazama asielewe, nami sikuwa na nguvu za kueleza habari za sweta. Waliinuka kwenye madawati. Walikwenda ubaoni bila ruhusa. Nikapiga kelele, "Darasa! Adabu! Kaeni chini!"

"Waache," akasema Bwana Msimamizi.

Cherono alikuwa bado hajasema. Alisimama mbele ya ubao akiangalia ile mishororo mitatu, mikono nyuma. Kisha akatamka, akigonga paja kwa kila silabi:

"Shuka, ndipo tutaweza, sote kulisukumia."

Loo! Nane, nane, za, a. Hapakuwa na mtu katika chumba kile ambaye hakuelewa nani anaambiwa ashuke, na gari gani. Nje ya dirisha mama yake bado alikuwa anajikwangua tope miguuni kwa kijiti. Nilijua darasa la tano limekwenda, na sikuweza kumlaumu Cherono hata kidogo.

Bwana Msimamizi akaurudia ule mshororo kwa sauti yake ndogo. Akaangalia dirishani, akakaa akiangalia. Kisha akauliza, "Nani hapa alikuwa uani asubuhi gari likizama?"

Mikono yote ikainuka. Na wa Zakaria.

"Aa," akasema. Akachukua chaki akaandika mshororo wa Cherono chini ya mitatu yake, kwa mwandiko ule ule mzuri. Mimi nilidhani amemaliza. Lakini Otieno, ambaye hakutosheka na kushindwa mara moja, akapiga kelele, "Hapana, Bwana! Hiyo haina heshima. Huwezi ambia mtu mkubwa shuka hivyo tu. Ni, Shuka Bwana, tutaweza!"

Vidole vyote vikaanza kutembea. Nayo nane! Ikawa vita. Nusu ya darasa ilitaka Bwana, nusu ikataka ndipo. "Ukitoa ndipo maana inapotea," Cherono akasema. "Ni akishuka ndiyo tunaweza. Asiposhuka hatuwezi. Wewe unamsalimia tu!" Otieno akasema heshima nayo ni maana. Mizani hazikuweza kuwaamua, vina havikuweza, na tuni pia haingeweza. Nilikuwa nimefundisha majuma yote yale nikidhani ushairi unakwisha hesabu ikitimia.

Bwana Msimamizi alitunyooshea kidole, mimi na Zakaria, tukatoka naye nje. Mvua ilikuwa imekatika. Aliwapita wale akina mama, akasimama, akavua kofia, akasema, "Asanteni kwa kunisukuma. Nilipaswa kushuka." Mama Cherono akamjibu, "Hakuna neno, mzee. Kurudi utashuka," na wenzake wakaangua kicheko. Naye akacheka, cha ajabu, na akicheka alikuwa kijana kabisa.

"Hilo darasa la tano," akamuuliza Zakaria, "mtaliweka wapi?"

Zakaria akaonyesha ghala. Mtu yule wa Burma akaongezea na saluti.

"Lipanguseni vizuri, pareto inapigisha watu chafya. Mtafungua Januari. Na wewe, Mwalimu," akanigeukia, "utaandikiwa nafasi ya chuo, lakini si kabla hawa hawajatulia huko. Usiwaache njiani." Kisha akaenda kwenye gari lake, na kweli, mteremko ule aliushuka kwa miguu, viatu mkononi, gari likimfuata.

Nililia. Sioni haya kusema. Zakaria alinipa kitambaa chake, nikakuta kimelowa tayari. Tulipojikusanya tukarudi ndani kuwapa watoto habari. Nilisimama mbele ya ubao, nikasema kwa sauti yangu yote ya kwaya, "Watoto! Tumepata darasa la tano!"

Hakuna aliyegeuka. Otieno alikuwa juu ya dawati, Cherono ameshika chaki, na kila mmoja ana watu wake nyuma yake wanaopiga kelele ya ndipo na ya Bwana. Nikasema tena. Hata Mama Cherono, aliyekuwa amenifuata mlangoni na miguu yake ya tope, alinishika mkono akanong'ona, "Ngoja kwanza, Mwalimu, nataka nisikie nani atashinda." Basi nikavuta kiti, tukakaa wote wawili, tukangoja wamalize.